Kinachoharibu Tai Sandukuni

Kibiti na katika vijiji vya delta ya Rufiji, tai ni vazi la siku maalumu. Bwana harusi huivaa, mwalimu huivaa siku ya mahafali, diwani huivaa akienda kwenye baraza. Siku nyingine zote za mwaka hulala kwenye tranka la bati chini ya kitanda, na huko ndiko inakoharibikia. Masika yakielekea kuisha, mwenye tai hufungua tranka akaikuta na madoa ya kijivu na harufu ya kuvunda, ingawa aliiweka ikionekana safi na hakuna aliyeigusa tangu hapo.

Madoa hayo ni ukungu. Mbegu zake huelea hewani kila mahali na zinahitaji vitu viwili tu: chakula na maji. Chakula kipo tayari, kwa sababu sehemu inayofungwa fundo hunyonya jasho na mafuta ya ngozi. Maji nayo huletwa na hewa. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70 kwa siku kadhaa mfululizo, ukungu huota juu ya nguo bila hata tone moja la mvua kuigusa.

Na delta ni nchi ya maji. Mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia, na mikoko yake, zaidi ya hekta 50,000, ni karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Salale, Mbwera na Msala ni vijiji ambavyo hewa yake hupita juu ya maji kabla ya kuingia dirishani.

Wengi huamini kwamba tranka lililofungwa vizuri huzuia unyevu. Ukweli ni kwamba huufungia ndani. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande ikipoa hadi karibu nyuzi 25. Tranka likifungwa mchana na kupoa usiku, bati hupoa kabla ya nguo, na maji yaliyokuwa mvuke hugeuka matone kwenye kuta zake. Asubuhi joto linaporudi, nguo huwa zimekwisha kuyanywa.

Si kila tai hunywa sawa. Poliesta, ambayo ndiyo tai nyingi za dukani, hushika maji chini ya asilimia moja ya uzito wake. Hariri, inayopatikana zaidi kwenye mitumba, hushika karibu asilimia 11 katika hali ya kawaida, kwa kuwa ni protini iliyotemwa na kiwavi. Asiyejua tai yake ni ya aina gani achomoe uzi mmoja kwenye mshono wa ndani na kuuchoma. Hariri hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika, na poliesta huyeyuka ikawa punje ngumu.

Chumvi huongeza tatizo. Chumvi ya jasho, au ya maji ya bahari yanayomrukia abiria wa boti ya Nyamisati kwenda Mafia, huanza kuvuta maji hewani na kuyeyuka unyevu ukifika asilimia 75. Tai yenye chumvi hubaki na ubichi hata pale nguo za jirani zimekauka.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kuhifadhi. Tai ifunguliwe fundo siku hiyo hiyo ilipovaliwa, kwa kurudi njia ile ile iliyotumika kuifunga, kisha ining'inizwe kivulini penye upepo usiku kucha au zaidi. Jua kali halifai, kwani miale yake hukata nyuzi za hariri na kuzigeuza njano. Fundo halifai kuachwa, kwa sababu ya jinsi tai ilivyoundwa. Tangu miaka ya 1920, Jesse Langsdorf wa New York alipobuni namna ya kuikata mshazari kwa pembe ya nyuzi 45, tai hunyumbuka na kurudi ilivyokuwa, ikisaidiwa na uzi mmoja mrefu ulioachwa ulegee mgongoni. Fundo la miezi sita huuchosha uzi huo.

Pasi ya mkaa isiiguse kabisa. Haina kipimo cha joto, na poliesta hung'aa na kulainika hata kabla ya kuyeyuka. Mvuke wa sufuria inayochemka hunyoosha mikunjo salama, mradi tai ikaushwe tena. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe nayo ikae mbali na hariri, maana klorini yake huyeyusha nyuzi zenyewe.

Ndani ya tranka kunahitajika kitu cha kunyonya maji. Vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya hunyonya karibu theluthi ya uzito wao, na vikipashwa moto hurudia kazi. Rufiji ni nchi ya mpunga, na mchele nao unaweza kusaidia, ila si ule wa gunia. Mchele wa gunia una maji kiasi cha asilimia 13 hivi, kwa hiyo umekwisha kutosheka na hewa ya pwani. Ukikaangwa bila mafuta hadi ukaukie kabisa, ukafungwa kwenye kitambaa, huvuta unyevu kwa muda, kisha unahitaji kukaangwa upya.

Vidonge vyeupe vya naftalini, ambavyo wengi huvitegemea, havikaushi chochote. Hufukuza nondo, ambao viwavi wao hula sufu, hasa ile ya kitambaa kizito cha ndani ya tai na ya koti la suti. Lakini mvuke wake huingia katika kila kilichomo, zikiwemo kanga na nguo za mtoto mchanga. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi kwa watoto wa kiume na iliyoenea kwenye maeneo ya malaria kwa sababu huwapa walio nayo kinga kiasi dhidi yake, wanaweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu wakivuta mvuke huo. Pwani ya Tanzania ni miongoni mwa maeneo hayo. Karafuu maiti si mbadala salama nyumbani mwenye watoto: ikimezwa huleta degedege.

Nguo za mtoto zihifadhiwe mbali na tranka la suti. Zikiwa zimeshakaa na naftalini, zifuliwe na kuanikwa mpaka harufu iishe. Mtoto aliyevishwa nguo hizo akionekana na macho ya njano, au mkojo wa rangi ya chai ya rangi, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na mzazi aitaje naftalini kwa jina, kwa kuwa dalili hizo hufanana na za malaria kali na mhudumu huenda asiulize kilichokuwa sandukuni.