Gari Jeusi na Jua la Utosini

Katika kila kambi ya jeshi na kila kituo cha polisi, miongoni mwa kazi zinazohesabiwa kuwa ndogo ni kuosha magari. Kazi hii hupewa kuruta, au askari aliyechelewa kufika kwenye gwaride la asubuhi, na mara nyingi hupewa katikati ya mchana, wakati kazi nyingine zimekwisha na jua limesimama. Askari huyo huchukua ndoo, sabuni na kitambaa, akasugua mpaka afande wake aridhike. Gari hung'aa kwa muda wa saa moja. Kisha huonekana madoa meupe juu ya boneti, na baada ya miezi kadhaa rangi hupauka, ikajaa mikwaruzo kama utando wa buibui. Hapo watu husema kwamba gari limezeeka. Ukweli ni kwamba halikuzeeka, limeoshwa vibaya.

Twapenda leo kuwaeleza ndugu zetu askari wa jeshi na polisi kwa nini gari la rangi iliyoiva halifai kuoshwa chini ya jua kali, na ni utaratibu gani unaofaa kufuatwa. Jambo hili si la urembo. Rangi ni koti la bati. Koti likitoboka, maji hulifikia bati, na kutu huanza kulila. Gari lililokusudiwa kutumika miaka mingi hupelekwa kwa fundi kabla ya wakati wake, na fedha za kulitengeneza ni za raia wote.

JOTO LA RANGI NYEUSI

Magari mengi ya vyombo vya ulinzi hupakwa kijani kizito, buluu nzito au nyeusi. Rangi nyeusi humeza karibu mwanga wote wa jua uiangukiao na kuugeuza kuwa joto, ambapo rangi nyeupe huurudisha mwingi wake ulikotoka. Jua la mchana wakati hakuna mawingu huleta nguvu ya wati 1,000 hivi juu ya kila mita moja ya mraba. Hiyo ni sawa na nguvu ya pasi moja ya umeme. Basi boneti ya gari jeusi lililoegeshwa uwanjani ni kama bati lililowekewa pasi kwa muda wa saa nyingi. Joto lake laweza kupita nyuzi 70 za Sentigredi, na ngozi ya binadamu huanza kuumia karibu na nyuzi 45.

Nchi yetu ya Uganda imekatwa na Ikweta, ambayo wasafiri wa barabara ya Masaka huivuka pale Kayabwe. Katika mwezi wa Machi na wa Septemba jua hutupitia utosini kabisa. Tena yafaa kukumbuka kwamba jua la Kampala halifiki kilele saa sita kamili, bali karibu na saa saba mchana, kwa sababu saa zetu zafuata wakati wa nchi zilizo mashariki yetu. Kwa hiyo askari anayengoja saa sita zipite ili aoshe gari saa saba hakulikimbia jua, amelifuata.

Maji yamwagikapo juu ya bati lenye joto kama hilo, hukauka kabla mkono haujafika. Lakini maji yenyewe ndiyo yaendayo angani; chokaa na chumvi zilizokuwamo hubaki juu ya rangi. Haya ndiyo madoa meupe tuyaonayo, na maji ya kisima huacha mengi zaidi kuliko maji ya mvua. Madoa hayo yakirudiwa na joto siku kwa siku hushika na kuila rangi, na mwishowe hayatoki kwa kitambaa. Sabuni nayo hukauka vivyo hivyo, ikaacha michirizi ambayo askari hulazimika kuisugua kwa nguvu.

Wako wasemao kwamba tone la maji huunguza rangi kama kioo cha kukuzia. Hilo si kweli. Tone lililolala juu ya bati limekaribiana nalo mno, hata mwanga haupati nafasi ya kukusanyika mahali pamoja. Kinachodhuru ni kile kilichomo ndani ya tone, na joto linaloliivisha.

Rangi iliyoiva ina tabia nyingine: haifichi kitu. Mkwaruzo mdogo hutawanya mwanga, na mwanga huo huonekana wazi juu ya weusi. Juu ya gari jeupe mkwaruzo huo haungeonekana. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 yana vanishi safi juu ya rangi, nayo vanishi hiyo ni nyembamba sana, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko vanishi. Anayepangusa vumbi hilo kwa kitambaa kikavu anaikwangua rangi kwa mkono wake mwenyewe.

UTARATIBU UNAOFAA

Saa njema za kuosha ni asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi na moja. Kabla ya kumwaga maji, weka mgongo wa kiganja chako juu ya boneti, uhesabu mpaka tano. Ikiwa huwezi kuvumilia, gari nalo haliwezi kuvumilia maji. Lipeleke kivulini, ufungue boneti ili injini ipoe, ungoje nusu saa. Lakini chagua kivuli kwa akili. Mti wenye utomvu si mahali pa gari, wala mti wanaolala kaloli, kama wakazi wa Kampala wanavyojua. Kinyesi cha ndege kikipikwa na jua juu ya rangi nyeusi huacha alama isiyofutika. Kikidondoka, kiloweshe mara moja, kisha ukiondoe taratibu bila kukwangua.

Tayarisha ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya maji matupu. Kwanza mwagia gari lote maji, kuanzia juu kwenda chini, ili vumbi litoke lenyewe kabla halijaguswa. Kisha chovya sponji katika sabuni, uoshe paa. Suuza sponji katika ndoo ya maji matupu, uikamue, ndipo uirudishe katika sabuni. Kwa njia hii mchanga hubaki katika ndoo ya pili, haurudi juu ya rangi. Endelea na vioo, boneti na milango. Magurudumu na sehemu za chini ziwe mwisho, kwa sponji yake peke yake. Osha sehemu moja, uisuuze, uikaushe kwa kitambaa laini, ndipo uende sehemu ya pili. Gari jeusi lisiachwe kukauka lenyewe.

Sabuni ya unga ya kufulia nguo haifai kwa kazi hii, kwa maana ni kali nayo huondoa nta inayolinda rangi. Ikiwa sabuni ya magari haipatikani, tumia sabuni laini ya maji, kidogo tu, na kusuuza kuwe kwingi.

Yako mambo mawili ya hatari. La kwanza ni kioo cha mbele: kikiwa na ufa mdogo nacho kimechemka juani, maji baridi yaweza kuuendeleza ufa huo mpaka upande wa pili. La pili ni breki. Gari lililorudi sasa hivi kutoka doria lina diski za moto. Zikimwagiwa maji baridi zaweza kupinda, na dereva atahisi mtetemeko kila akanyagapo breki. Liache gari lipumzike kwanza.

Huenda askari akauliza: nikiamriwa kuosha saa saba, nifanyeje? Amri ni amri. Lakini si utovu wa nidhamu kusema, "Afande, gari bado ni moto, naomba ruhusa nilipeleke kivulini kwanza." Na ikiwa hakuna kivuli, anza na ubavu usiopigwa na jua, upoze bati kwa maji mengi kidogo kidogo, uoshe kipande kidogo mno kwa mara moja, ukikaushe hapo hapo. Kisha geuza gari. Kazi itachukua muda mrefu zaidi, na mwoshaji avae kofia, anywe maji mara kwa mara, kwani jua linalochemsha bati lamchemsha yeye pia.

RANGI ISIYOTAKIWA KUNG'AA

Twasema sasa na askari wa jeshi peke yao. Gari la vita limepakwa rangi fifi kwa makusudi. Rangi hiyo ilitengenezwa ili isirudishe mwanga wa jua kwa macho ya adui, maana mmeto wa kioo au wa bati huonekana toka mbali sana. Hata hivyo kuna desturi ya kulipangusa gari kwa dizeli au mafuta machafu siku ya gwaride, ili lipendeze. Desturi hii ina madhara matatu. Inaondoa ufifi uliokusudiwa kumlinda askari; inanasa vumbi, hata gari likawa chafu zaidi kabla ya jioni; na inaharibu mipira ya milango na ya madirisha. Gari la namna hiyo lioshwe kwa maji na sabuni laini, wala lisipakwe nta. Usafi wake ni kutokuwa na tope, wala si kung'aa.

TUSIOSHE ZIWANI

Watu wengi waishio karibu na Ziwa Victoria, Ziwa Albert au Mto Nile huona ni rahisi kuliingiza gari majini na kuliosha humo. Jambo hili lina hatari ambayo wengi hawaijui. Katika kingo za maziwa yetu wamo konokono wabebao vijidudu vya kichocho cha matumbo. Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi majini wakati wa mchana wenye jua, navyo hupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi. Basi askari asimamaye majini saa saba akiosha gari ameiharibu rangi na kuiweka afya yake hatarini kwa wakati mmoja. Dawa ya ugonjwa huo ipo, lakini ini lililokwisha kuharibika kwa miaka mingi si rahisi kulirudisha.

Tena mafuta na grisi za gari hubaki ziwani. Maji wanywayo wakazi wa Kampala huchotwa pale Gaba, katika ziwa hilo hilo. Mlinzi wa raia hawezi kuwa mchafuzi wa maji yao. Chota maji kwa jerikeni, upande nayo juu, uoshee gari mahali penye nyasi au changarawe, mbali na ukingo.

KUTU HUANZIA GIZANI

Baada ya kusema mengi juu ya boneti na paa, hatuna budi kukumbusha kwamba adui mkubwa hukaa mahali pasipoonwa na mkaguzi. Tope lililoganda ndani ya mapango ya magurudumu na chini ya milango hushika maji siku nyingi baada ya mvua kukatika, na hapo ndipo kutu huanza. Askari wetu waliokwenda Mogadishu tangu Machi 2007 wanajua jinsi upepo wa bahari unavyoongeza balaa hilo, kwa sababu chumvi huharakisha kutu. Dawa yake ni maji matamu mengi, yakielekezwa chini ya gari, kila wiki au zaidi. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwoshaji mwema pia ni mkaguzi. Mkono wake hupita mahali ambapo jicho la dereva halifiki. Yeye ndiye wa kwanza kuona springi iliyovunjika, nati iliyolegea, tairi lililokatika ubavuni, au mafuta yanayovuja kidogo kidogo. Aliosha na kutoa habari amefanya kazi mbili. Aliosha na kunyamaza ameiacha hatari itoke kambini asubuhi pamoja na wenzake kumi walioketi nyuma ya lori.

Kwa sababu hiyo twawasihi makamanda na wakuu wa vituo waipange kazi hii katika ratiba ya asubuhi, kama wanavyopanga usafi wa silaha, wala wasiifanye kuwa adhabu ya mchana. Askari anayeosha gari kama adhabu hutamani tu imalizike. Lakini aliyepewa saa njema, ndoo mbili, kivuli na maelezo, huitunza mali ya umma kama mali yake. Gari atakaloliacha, dereva atakayekuja baada yake atalikuta lingali zima.