Jinsi vikapu vya barabarani vinavyounufaisha mji wa Spokane

KILA mwishoni mwa Juni, barabara za katikati ya mji wa Spokane, katika jimbo la Washington nchini Marekani, hufungwa kwa siku mbili. Magari huondolewa, milingoti ya vikapu husimikwa juu ya lami, na mitaa mizima hugeuka viwanja.

Mashindano hayo ya watu watatu kwa watatu, yaitwayo Hoopfest, yalianza 1990 yakiwa na wachezaji wapatao 2,000. Katika miaka iliyotangulia janga la corona, yalivutia zaidi ya timu 6,000 zilizocheza kwenye viwanja zaidi ya 400.

Siri ya ukuaji huo ni mlango mpana. Mchezaji hahitaji klabu wala kocha. Marafiki wanne hujisajili, hulipa ada, kisha hupangwa na wenzao kulingana na umri, kimo na uzoefu. Kila timu huhakikishiwa zaidi ya mechi moja, hivyo anayeshindwa asubuhi hafungi virago papo hapo.

Wachezaji hutaja makosa yao wenyewe, nao wakazi wa kujitolea hutunza alama na kusuluhisha mizozo. Kama maelfu ya wakazi hao wangelipwa, ada ingepanda na wengi wangefungiwa nje.

Je, mji hupata nini? Timu nyingi hutoka nje na kuandamana na jamaa zao. Wageni hao hulala hotelini, hula mikahawani na kununua mafuta. Waandalizi hukadiria pato hilo kuwa mamilioni ya dola.

Hata hivyo, makadirio ya aina hiyo yafaa kusomwa kwa makini. Mkazi anayenunua chakula kando ya uwanja huenda angekinunua mtaani kwake. Fedha mpya ni zile za mgeni. Isitoshe, mwenye duka anayetegemea wateja wa magari aweza kuumia barabara inapofungwa.

Faida ya kudumu ni nyingine. Mashindano huendeshwa na chama kisichotafuta faida, na mapato yake yamesaidia michezo ya Special Olympics, ya watu wenye ulemavu wa akili, pamoja na kukarabati viwanja vya umma. Hivyo, milingoti ya barabarani ing'olewapo, mtoto wa mtaani hubaki na mahali pa kuchezea.

Udhaifu ulidhihirika 2020 na 2021, mashindano yalipofutwa kwa sababu ya corona. Yaliporejea 2022, timu zilikuwa chache kuliko awali. Mji unaotegemea wikendi moja hupata pengo wikendi hiyo ikikosekana.

Mchezo huu uliingia Olimpiki jijini Tokyo 2021, na Kenya ikaucheza katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham 2022. Kwa miji yetu, funzo la Spokane si la kujenga uwanja wa mabilioni. Ni idhini ya kufunga barabara, wakazi walio tayari kujitolea, na hesabu za fedha zilizo wazi kwa wote.