Kichefuchefu cha Mimba Changa: Maarifa kwa Nyumba ya Mkulima

Katika gazeti hili tumezoea kuzungumza habari za mbegu, mbolea na ng'ombe wa maziwa. Mwezi huu tuzungumze habari ya Bibi Mkulima mwenye mimba changa, anayeamka asubuhi akitapika. Labda Bwana Mkulima atauliza, "Karani wa Ukulima ana shauri gani na mimba?" Jibu lake si gumu. Katika skimu zetu, kuanzia Bonde la Lambwe na Kimira-Oluch katika Homa Bay mpaka Awendo na Kuja ya Chini katika Migori, kazi nyingi ya kupanda na kupalilia hufanywa na mabibi. Bibi akilala chini katika mwezi wa kupanda, shamba huona, watoto huona, na bwana huona zaidi. Tena kuna jambo kubwa kuliko shamba: katika nchi hii yetu ya kando ya Ziwa, kutapika kwaweza kuwa ni mimba tu, na kwaweza kuwa ni ugonjwa wa kuua. Ni lazima tujue kupambanua.

UGONJWA HUU NI NINI?

Katika kila wajawazito 10, kiasi cha 7 hupata kichefuchefu. Watu husema "ugonjwa wa asubuhi", lakini waweza kuja mchana au usiku pia. Kwa kawaida huanza kabla ya juma la 9, ukitoa hesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Huzidi katika majuma ya 8 mpaka 10, kisha kwa walio wengi hupungua yapata juma la 14 au la 16. Wachache huendelea nao zaidi ya hapo.

Zamani sababu yake haikujulikana vizuri. Mwezi wa Desemba 2023 wataalamu, miongoni mwao Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitangaza kwamba jambo kubwa ni homoni iitwayo GDF15. Mtoto na kondo lake huitoa kwa wingi na kuiingiza katika damu ya mama. Ikifika katika ubongo, hugusa mahali panapoamsha kutapika. Mama ambaye mwili wake ulizoea homoni hii kidogo tu kabla ya mimba huumwa sana. Yule aliyeizoea nyingi huumwa kidogo. Ndiyo sababu bibi mmoja hupalilia mpaka mwezi wa tatu bila shida, na jirani yake hawezi hata kusimama jikoni.

Basi tuache maneno yasiyofaa. Kichefuchefu si uvivu. Si uchawi wa mke mwenza. Si alama kwamba bibi amemchukia mumewe. Wala hakichagui tajiri au maskini: Desemba 2012 Catherine, mke wa Prince William wa Uingereza, alilazwa hospitali London kwa sababu hiyo hiyo.

Mkulima akihamisha mche wa sukumawiki, siku za kwanza mche hunyauka. Hasemi umekufa, wala hauachi juani. Huutilia maji na kivuli mpaka ushike mizizi. Mwenye mimba changa atunzwe namna hiyo.

SI KILA KUTAPIKA NI MIMBA

Jambo la kwanza ni malaria. Wilaya zetu za kando ya Ziwa ni makao yake. Malaria huleta kutapika, kuumwa kichwa na uchovu, kama mimba changa iletavyo. Tena mjamzito aweza kuwa na vijidudu vya malaria bila homa kali, huku vikimpunguzia damu na kumdhuru mtoto. Kwa hiyo, bibi akitapika na kusikia baridi, joto, au maumivu ya viungo, asiambiwe, "Ni mimba tu, itapita." Apimwe damu siku hiyo hiyo, na amweleze muuguzi kwamba ana mimba, ili apewe dawa inayofaa. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Kliniki ya wajawazito hutoa. Mimba ikipita juma la 13 atapewa pia vidonge vya kuzuia malaria, naye asivikatae.

Jambo la pili ni tumbaku. Wakulima wa Migori na Kuria wanaijua vizuri. Majani mabichi yenye umande au mvua hutoa sumu yake, nikotini, nayo hupenya katika ngozi ya mikono. Mchumaji hupata kichefuchefu, kizunguzungu na kuumwa kichwa, hata kama hajavuta sigara maisha yake. Mwenye mimba asichume wala asifunge majani ya tumbaku. Wakulima kadhaa wa Migori wameacha zao hili na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma, kwa msaada wa Serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Maharagwe hayo ndiyo chakula kimfaacho mjamzito.

Jambo la tatu ni dawa za wadudu. Bibi mwenye mimba asibebe pampu ya kunyunyizia, asichanganye dawa, wala asifue nguo za aliyenyunyiza.

Jambo la nne ni zebaki, ambayo wachimba dhahabu wa Macalder na kwingineko hutumia kukamata dhahabu. Zebaki hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mjamzito akae mbali nayo, hasa inapochomwa moto.

Na mkumbuke hili: kutapika kukianza kwa mara ya kwanza baada ya juma la 9, huenda sababu yake si mimba. Daktari aitafute.

NAMNA YA KULA NA KUNYWA

1. Tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Weka kando ya kitanda kitu kikavu: kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha, muhogo, au mkate mkavu. Kula kidogo kabla ya kuinuka, kaa dakika 15, kisha uinuke polepole.

2. Kula kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku, badala ya milo mikubwa miwili. Konzi ya njugu, ndizi moja, au bakuli dogo la nyoyo huchukuliwa hata shambani.

3. Chakula kilichopoa hakina harufu kali kama cha moto. Harufu ya omena inapokaangwa, moshi wa kuni na mafuta ya taa huwashinda wengi. Omena ni chakula bora, basi kisitupwe. Kipikwe na mtu mwingine, nje ya nyumba, kisha bibi ajaribu kukila kikiwa kimepoa.

4. Punguza mafuta mengi na pilipili. Uji mwepesi wa wimbi hukubaliwa na wengi. Kama tumbo linakubali kitu kimoja tu kwa siku kadhaa, kila hicho, mengine yatarudi.

5. Kunywa maji safi kidogo kidogo kati ya milo, si pamoja na chakula. Baada ya kutapika, kunywa maji ya chumvi na sukari yatolewayo kituo cha afya, pakiti moja kwa kadiri ya maji iliyoandikwa juu yake. Kama pakiti hakuna, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, utie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi. Kunywa funda moja kila dakika chache.

6. Tangawizi husaidia. Nusu kijiko kidogo cha unga wake yatosha kwa siku nzima. Kigawe mara 3 au 4 katika maji ya moto au chai ya rangi.

7. Baada ya kutapika, sukutua kinywa kwa maji. Ngoja kidogo kabla ya kupiga mswaki, maana uchungu wa tumbo hulainisha meno.

HABARI YA ODOWA

Katika kila soko letu huuzwa odowa, yale mawe laini ya udongo, na mabibi wengi huyatafuna wakati wa mimba. Husema yanatuliza tumbo na kukausha mate. Hatuwacheki, kwa maana desturi hii iko Afrika nzima na hata ng'ambo. Lakini yafaa kujua ubaya wake. Udongo hushika madini ya chuma tumboni yasiingie katika damu. Waweza kuwa na mayai ya minyoo, na mwingine una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto. Tena mara nyingi hamu ya udongo ni alama ya upungufu wa damu. Basi bibi mwenye hamu hiyo aende apimwe wingi wa damu. Huku akipunguza odowa, atafune njugu, karoti au tangawizi.

HABARI YA DAWA

Tangu mwaka 1957 Ujerumani ya Magharibi iliuza dawa iitwayo thalidomide, na nchi nyingine zikafuata. Ilisemwa kuwa haina hatari hata kidogo, na wajawazito wengi waliinywa kutuliza kichefuchefu. Watoto zaidi ya 10,000 ulimwenguni walizaliwa na mikono au miguu mifupi, au bila viungo hivyo kabisa. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ujerumani mwezi wa Novemba 1961. Marekani haikuuzwa madukani, kwa sababu daktari mmoja wa serikali, Bibi Frances Kelsey, alikataa kutia sahihi mpaka aonyeshwe ushahidi wa kutosha.

Tujifunze kwa habari hiyo. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo wakati viungo vya mtoto vinapoumbwa. Usinunue dawa ya kutapika dukani kwa kubahatisha. Usinywe mwarobaini wala manyasi makali kwa sababu jirani amesema yanafaa; nyamrerwa mwenye busara atakupeleka kliniki. Huko ziko dawa zilizopimwa kwa miaka mingi, kama vitamini B6, nazo hutolewa kwa kipimo.

Vidonge vya madini ya chuma vya kliniki huwachafua wengine tumbo. Visitupwe shimoni. Vinywe usiku baada ya chakula, wala si pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia chuma. Vikishindikana, mwambie muuguzi abadilishe. Na mama anayekunywa dawa za kila siku za kuzuia Virusi vya Ukimwi asiziache hata siku moja kwa sababu ya kutapika. Akizitapika, aulize kituo siku hiyo hiyo afanyeje.

USINGOJE KESHO

Mpeleke bibi hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya:

Hawezi kuweka chakula wala maji tumboni kwa siku moja nzima. Mkojo umekuwa kidogo na wa rangi nzito. Akisimama anaona giza au anaanguka. Amekonda upesi. Anatapika damu. Ana homa, maumivu makali ya tumbo, au damu inatoka ukeni. Macho yamekuwa manjano. Na baada ya mwezi wa tano, kichwa kikimuuma sana na macho yakiona ukungu pamoja na kutapika, hiyo ni hatari nyingine, ya shinikizo la damu.

Kutapika kulikozidi hukausha mwili, na kukiachwa kwaweza kuua. Hospitali humpa mgonjwa maji kwa mshipa na dawa ya kuzuia kutapika, na wengi hupata nguvu baada ya siku chache. Kama umbali ni mkubwa, mwite mhudumu wa afya wa kijijini.

KAZI YA BWANA MKULIMA

Bwana, hapa pana kazi yako. Maji yachotwe na wewe au vijana. Moto wa jiko uwashwe na mwingine, hata kwa majuma 8 tu. Kazi ya jembe wakati wa jua kali aachiwe mtu mwenye nguvu. Bibi afanye ile ya kukaa, kama kuchagua mbegu, asubuhi baada ya kula. Weka akiba ya nauli ya kwenda hospitali kabla haijatakiwa, kama unavyoweka akiba ya mbegu. Na mama mkwe asiseme, "Sisi tulizaa kumi na hatukulala." Kila mwili una namna yake.

Kisha mfuatane kliniki mapema, kabla mimba haijapita juma la 12. Msingoje tumbo lionekane. Huko bibi atapimwa damu, shinikizo na mkojo, naye atapewa chandarua na vidonge vyake. Ziara zinazotakiwa katika mimba moja ni 8. Hiyo ya kwanza ndiyo inayofungua njia ya nyingine zote.

Mkulima hangoji majani yakauke ndipo atafute maji. Mkiona dalili nyumbani, anzeni leo.