Kompyuta ikigoma Kampala, unampigia nani?

Saa nne asubuhi, Wandegeya. Kibanda kina upana wa mlango mmoja: mashine ya fotokopi, printa mbili, kompyuta mbili za mezani na benchi la wateja. Mwanafunzi wa Makerere anaingia akihema. Kazi yake ya darasa inatakiwa kabla ya saa sita. Anachomeka flashi. Humo ndani kila folda imegeuka kishale, na akibofya hakifunguki kitu. Anashika kichwa.

"Usilie, nnyabo," fundi anamwambia. "Mafaili yapo, yamefichwa tu."

Anaichomoa flashi na kuipeleka kwenye kompyuta ya pili, ile kuukuu iliyosukumwa pembeni. Folda zinatokea zote kama zilivyokuwa, na kando yake vile vishale vya uongo. Fundi anavifuta, ananakili kazi, anachapa kurasa 12. Binti analipa za kuchapa, anashukuru, anakimbia. Hakuuliza ile kompyuta ya pembeni ina nini. Ina Linux, na kirusi kilichotungiwa Windows hakina cha kufanya humo. Kazi ya kuokoa faili, ambayo ndiyo hasa iliyomnusuru, haikulipiwa hata shilingi.

Mimi nilikuwa kwenye benchi nikingoja zamu, laptopu mapajani. Pembeni mwa skrini yangu, chini kulia, kulikuwa na yale maandishi hafifu ambayo nusu ya ofisi ndogo za mji huu zimeyazoea kama saa ya ukutani: niamilishe Windows. Juu yake ujumbe mwingine ulikuwa umeanza kujitokeza kila asubuhi, kwamba mashine hii haifai kuwekwa Windows 11. Fundi aliigeuza, akasoma lebo ya chini, akaiwasha, akasikiliza feni. Ni mzaliwa wa Arua, kwa hiyo Kiswahili hakimpi tabu.

"Mashine ni nzima, ssebo," akasema. "Imeachwa tu na wenyewe."

Kauli hiyo ndiyo iliyonituma kuandika makala haya.

Mtumba ulioishiwa na muda

Kampala inaendeshwa na kompyuta za mtumba. Watu huziita "UK used", hata kama zimepitia Dubai. Mwaka 2009 serikali ilitangaza marufuku ya kuingiza kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, kwa hofu ya taka za kielektroniki. Baadaye kompyuta ziliachiwa, na leo ukishuka barabara za katikati ya mji utazikuta zimepangwa madirishani: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, zote zimestaafu katika ofisi za Ulaya na kuanza maisha ya pili huku.

Shida yake haiko kwenye chuma. EliteBook 840 G3 au ThinkPad T460 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6. Ukiiongezea RAM na kuibadilishia diski, inaandika barua, inafungua Zoom na inatunza hesabu za duka bila kulalamika. Lakini Windows 11 inadai Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Na Windows 10, ambayo mashine hizo zinaiweza, ilikatiwa msaada na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Mtumiaji wa nyumbani alipewa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au bure kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Baada ya hapo kompyuta itaendelea kuwaka, ila tundu jipya la usalama likigunduliwa, hakuna atakayekuja kuliziba.

Hilo ndilo linalomfanya mtu wa kawaida aulize swali ambalo miaka yote hakulazimika kuliuliza: msaada wenyewe ni nini, na nani anautoa?

Mlinzi asiyekujua

Tuanze na upande wa biashara. Wengi wanaamini kwamba ukitumia Windows, Microsoft iko nyuma yako. Kwa mtumiaji wa Kampala imani hiyo ina upungufu wake. Windows inayokuja ndani ya laptopu mpya huuzwa kwa mkataba wa mtengenezaji wa mashine, na yeye ndiye mwenye jukumu la kukusaidia ikikwama. Laptopu ikifika hapa kama mtumba, dhamana ya mtengenezaji imekwisha zamani. Leseni mpya ya Windows Home dukani Marekani ni dola 139, yaani takriban shilingi nusu milioni za Uganda. Ni karibu mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali.

Matokeo yake ni "kraki". Fundi anachomeka flashi ya GB 32 yenye kila kitu, anaweka Windows, kisha anafungua kiprogramu kidogo cha kudanganya leseni. Hapo huja sentensi ambayo mteja huisikia bila kuitafakari: "Subiri kwanza nizime antivirusi." Mlango unafunguliwa kwa makusudi kumpitisha mgeni asiyejulikana, na mwenye nyumba analipia kazi hiyo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo, lakini kinachomuumiza mtumiaji mapema zaidi ni yule mgeni. Huenda ndiye anayerudisha vishale kwenye flashi za wanafunzi.

Hata aliyenunua leseni halali afungue mkataba wake asome. Fidia ina kikomo, nacho ni kile alicholipa. Tasnifu iliyopotea haimo.

Bure ya nani?

Upande wa pili ni programu huria. Linux ilianza mwaka 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipoweka kazi yake wazi ili kila mtu aisome na kuirekebisha. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, toleo la Linux lililokusudiwa mtu wa kawaida. Muganda hahitaji kamusi kulielewa jina hilo: obuntubulamu ni neno analolelewa nalo, sisi tunasema utu. Kuanzia 2005 hadi 2011 kampuni ya Shuttleworth, Canonical, ilituma CD za Ubuntu kwa posta bila malipo kwa aliyeomba, popote alipo. Ubuntu 24.04 itapata masasisho hadi 2029, na mtu binafsi anaweza kujiandikisha bure kwa mashine 5 akayapata kwa miaka 10. Yote hayo yanakwenda kwenye ile ThinkPad iliyokataliwa.

Lakini leseni ya GPL, inayotawala sehemu kubwa ya Linux, nayo inasema kwa herufi kubwa kwamba programu inatolewa bila dhamana yoyote. Mwenye shida anaelekezwa kwenye miongozo na majibu ya watu waliojitolea, karibu yote kwa Kiingereza, na sharti uwe na bando. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12. Na bando lenyewe si la kutegemewa siku zote: katika uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano. Ambaye kompyuta yake iligoma wiki ile alibaki na msaada mmoja tu, ule anaoweza kuufikia kwa boda boda.

Dunia kubwa ililijua hili mapema. Red Hat ilijenga utajiri wake kwa kutoa Linux wazi na kuuza matunzo, na mwaka 2019 IBM ilikamilisha kuinunua kwa dola bilioni 34. Yaani wateja wa Red Hat waliolipa hawakuwa wakinunua programu. Walinunua mtu wa kupokea simu.

Mfano uko hapa hapa nyumbani pia. Wizara ya Afya ya Uganda hukusanya takwimu za vituo vya afya kwa DHIS2, programu huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na kuanza kutumika kitaifa hapa mwaka 2012. Karani wa kituo cha afya hajui wala hahitaji kujua kwamba ni huria. Anachojua ni kwamba kuna watu waliofunzwa, wakiwemo wa HISP Uganda, ambao kazi yao ni kuitunza na kuwafundisha wengine. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, Nkozi, nacho kilihamia programu huria mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ambapo wengi hapa hawakuwa wamelisikia hata jina la Linux. Penye mtu wa kuitunza, programu huria imesimama. Mtu binafsi wa Ntinda au Kibuye hana mtu huyo kwenye orodha ya mishahara yake. Ana fundi.

Fundi ndiye mfumo

Neno fundi Waganda wamelichukua kutoka kwetu na hawajalirudisha. Kuanzia mafundi vyuma wa Katwe hadi vijana wa simu pale Mutaasa Kafeero, mji huu unaishi kwa kutengenezewa. Kwa hiyo Windows haitawali Kampala kwa sababu ya huduma ya Microsoft. Inatawala kwa sababu kila fundi anaijua, kama kila fundi baiskeli anavyoijua minyororo. Ikikufia Jumamosi jioni Kireka, kuna kijana hatua 100 kutoka kwako. Ikikufia Linux, labda uvuke mji hadi Wandegeya kumtafuta anayeijua.

Tena zipo kazi ambazo Linux haiziwezi bila taabu. Waulize wachapaji wa Nasser Road kama wataacha CorelDRAW. Muulize mhasibu: kwa miaka mingi fomu za ritani za Mamlaka ya Mapato, URA, zimekuwa faili za Excel zenye makro, na kwenye LibreOffice makro hizo zinagoma. Kumwambia mtu kama huyo ahame kesho ni kumtuma barabarani bila viatu.

Lakini kuna jambo linaloumiza pande zote mbili, nalo ni namna tunavyomlipa fundi. Mteja wa Kampala hulipia anachokiona. RAM atailipia, chaja ataipunguzia bei kidogo kisha alipe. Saa tatu za kutafuta kwa nini Wi-Fi inakatika hazina umbo, basi hazina bei. Fundi naye ana kodi ya kibanda. Anafanya kinacholipa haraka: anafomati. Kompyuta ikiwa nzito, fomati. Ikiwa na virusi, fomati. Ni daktari anayekata mguu kwa kila kidonda, na mgonjwa anashukuru kwamba maumivu yamekwisha, mpaka jioni atakapotafuta picha za harusi.

Kwa utaratibu huo fundi hawezi kujifunza chochote kipya, iwe Linux au Windows yenyewe kwa undani. Na hapo programu huria ina faida moja ambayo watetezi wake hawaisemi vya kutosha: haifichi kitu. Kijana mwenye bidii anaweza kuifungua hadi chini, kama fundi wa Katwe anavyofungua injini, bila kuomba ruhusa ya mtu na bila kraki. Elimu hiyo iko wazi kwake, ila muda wa kuisoma lazima mtu aulipie.

Kabla hujahama, au hujabaki

Mwenye mashine ya zamani ana njia tatu: kununua nyingine, kubaki na Windows 10 kwa kujua kwamba kinga yake ina mwisho, au kuhamia Linux. Kabla ya kuchagua, aorodheshe programu anazotumia kila siku, si anazodhani anazitumia. Amwambie fundi aiwashe Linux kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kisha ajaribu printa, Wi-Fi, kamera na sauti papo hapo kibandani. Nakala ya mafaili yake awe nayo kwenye diski ya nje kabla ya bisibisi kutoka mfukoni. Na amuulize fundi swali moja la wazi: hii ikinisumbua Jumatatu, utaweza kuirekebisha bila kufomati? Akijibu hapana, hata mfumo uwe mzuri kiasi gani, asiuweke hapo.

Mimi nilihama. Fundi wa Wandegeya aliniwekea Linux Mint kwa muda usiotimia saa moja. Printa ndiyo iliyotutesa. Alikaa nayo saa mbili, akisoma kwenye simu yake, akiandika amri, akifuta, akiandika tena, wateja wa fotokopi wakimpigia kelele. Ilipotoa karatasi ya kwanza hakusema neno, aliiinua tu juu kama samaki.

Akadai shilingi 20,000, bei ya kufunga mfumo. Nikamuuliza za printa je. Akacheka: "Hiyo nilikuwa najifunza, ssebo." Nilimlipa 50,000. Wewe pia, siku fundi wako akikutengenezea bila kufomati, mlipe na zile saa alizojifunza, maana mteja atakayefuata mwenye printa kama hiyo atamaliza kwa dakika kumi, na huenda mteja huyo ni wewe.