Tana: Jina la Mto kwa Mtoto wa Kike

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, simu ilinijia kutoka Garsen. Binti wa kaka yangu alikuwa amejifungua salama mtoto wa kike. Nikamshukuru Mola, kisha nikauliza lile swali ambalo kila mtu huliuliza: mmempa jina gani? Pakawa kimya kidogo, halafu akajibu, "Tana, ami." Nikadhani amebadili mazungumzo na sasa anataka kunieleza habari za mto, kama umejaa au umekupwa. Kumbe sivyo.

Siku ya tatu nikaitwa. Mtu akiandika gazetini, jamaa zake humdhania kuwa amesoma vitabu vyote vya dunia, kwa hiyo kesi za namna hii haziniepuki. Nilikuta ukumbini wazee wa pande zote mbili, maana mama wa mtoto ni Mpokomo na baba yake ni Muorma. Shemeji yangu, bibi mzaa mama, alikuwa ametarajia kwamba mjukuu wake wa kwanza wa kike angebeba jina lake yeye. Akaongeza kwa uchungu kwamba mto huu umekula watu, kwa mamba na kwa mafuriko, na haoni sababu ya kumwita mtoto kwa jina la mlaji. Babu mzaa baba hakuzungumza sana. Aliuliza tu: jina hili ni la nani, na lina maana gani? Kwetu Waislamu, alisema, ni haki ya mtoto apewe jina lenye maana njema, na akika ilikuwa ikingoja.

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, nami nililipokea kwa uzito wake. Tumeingia katika zama za majina ya runinga. Mtoto huitwa kwa jina la mwigizaji ambaye hata aliyelichagua hajui limetoka lugha gani. Nilihofia kwamba binti yetu naye amelisikia jina mahali, likamvutia kwa wepesi wake, basi.

Kwa hakika lingeweza kumfikia kwa njia hiyo, maana Tana ni jina la kike hata ng'ambo, ingawa huko nako ni adimu. Wacheki na Waslovakia hulitumia kama kifupi cha Tatiana. Yuko mwandishi maarufu wa riwaya za upelelezi aishiye Ireland, Tana French. Lakini pia yuko Tana Umaga, aliyekuwa nahodha wa timu ya raga ya New Zealand mwaka 2004 na 2005, na huyo ni mwanamume wa kifua kipana. Wenyeji wa Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, huufupisha mji wao kuwa Tana. Norway kuna mto uitwao Tana, na Ethiopia kuna ziwa la jina hilo ambamo Nili ya Buluu huanzia. Hizo ni sauti zilizofanana tu. Yeyote atakayemweleza mzazi wa Garsen kwamba jina hili ni la Kizungu atakuwa amekwenda mbali kutafuta kitu kilichopo mlangoni.

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Ukishusha mkungu wa ndizi, kila kichane unachokikata huitwa tana; matana mawili humtosha mgeni. Watu wa Mombasa hawachani nywele, huzitana, na ndiyo maana chanuo dogo huitwa kitana. Tena masikio ya Mswahili hayawezi kulisikia jina hili bila kusikia ndani yake neno kukutana. Wataalamu wa sarufi watanisahihisha kwamba kiini cha neno hilo ni kuta, wala si tana, nao wana haki yao. Lakini majina hayatolewi na wataalamu wa sarufi. Migomba kando ya maji, mama anayemtana bintiye nywele barazani, watu wanaokutana: sikuona baya lolote hapo, na shemeji yangu, ambaye ana migomba yake ukingoni, alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Ama mto, Wapokomo huuita Tsana. Hilo ndilo jina waliloishi nalo wakulima wa kingo zake tangu kale. Huko juu, unakoanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, Wakikuyu wanao wao, Thagana, ambalo ramani zimeligeuza Sagana. Kutoka huko mto huu husafiri takriban kilomita 1,000, ukazuiwa njiani na mabwawa ya umeme, likiwemo la Masinga lililokamilika mwaka 1981, kisha ukapita kwetu na kumwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Kwa urefu wote huo jina halikubadilika sana. Ni mto uliosafiri na jina lake.

Hapo mzee wa Kiorma akakohoa kidogo. "Sisi," alisema, "mto ni galana." Nami nilikuwa nikilingoja neno hilo.

Waorma huwapa watoto wao majina ya wakati na hali walizozaliwa. Guyo ni wa mchana, Halake ni wa usiku, Roba ni wa mvua, Bonaya ni wa kiangazi, Godana ni yule aliyezaliwa watu wakihama. Hayo hayamo katika Kitabu, na wenyewe ni Waislamu safi. La ajabu ni kwamba mengi ya majina hayo yamevuka zamani sana na kuingia kwa Wapokomo. Utamkuta Mpokomo mkulima, ambaye hajawahi kuchunga hata mbuzi, anaitwa Jillo, au Godhana, au Galana. Lahani ya wimbo wetu wa taifa, uliotungwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, nao ulitolewa na mzee wa huku Tana River aliyeitwa Meza Galana. Hebu fikiri, msomaji: kila tunaposimama wima kuuimba, tunaimba bembelezo la Mpokomo aliyekuwa na jina la mto katika lugha ya Waorma.

Kwa hiyo kumwita mtu mto si uzushi wa vijana wa leo. Na kama ni dini, niliwakumbusha wazee kwamba pwani yote imejaa akina Kauthar, na Kauthar ni mto wa Peponi. Salsabil nayo ni chemchemi ya huko huko, na mabinti wanaitwa hivyo bila mtu kuuliza. Mzee alinyamaza, akapangusa ndevu, akasema kwamba mto wa Peponi hauna mamba.

Hapo ndipo kila mtu ukumbini alipolifikia lile lililokuwa likimkaa moyoni, na si mamba.

Mto huu tumeuana kwa ajili yake. Mkulima anataka ukingo alime. Mfugaji anataka malka, yaani njia ya kufikisha ng'ombe majini, na kila kiangazi kinapokaza njia hizo huwa finyu zaidi. Tuligombana mwaka 2001. Mwaka 2012 tulivuka mpaka. Tarehe 22 Agosti ya mwaka huo, katika kijiji cha Riketa, waliuawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Kufikia mwanzo wa 2013 waliokufa katika eneo letu la delta walikuwa wamepita mia moja. Hakuna upande uliobaki na mikono mitupu ya damu, wala upande usiozika. Katika ukumbi ule mlikuwa na watu waliozika.

Nikamgeukia binti yetu. Nilimwuliza kwa sauti ya chini, maana swali lilikuwa zito: kwa nini umpe mwanao jina la kitu kilichotutenganisha?

Alikuwa msichana wa shule ya msingi wakati ule. Alisema kwamba walipokuwa wakikimbia, swali la kwanza waliloulizwa njiani lilikuwa jina. Na kwa kuwa majina yetu yamechanganyika, la kwanza halikumtosheleza muulizaji. Alitaka la baba, akataka la babu, kisha kijiji. "Ami," alisema, "nilitaka mwanangu awe na jina ambalo mtu wa upande wowote akiliuliza, atajikuta analijua."

Nilimjibu kwa ukweli, na hapa pia ninaurudia. Jina la kwanza halimfichi mtu. Nyuma yake litafuata la baba yake, la Kiorma, na yeyote mwenye nia mbaya atalifikia. Anayelichagua Tana kama ngao anajidanganya. Akasema hakulichagua kama ngao. "Sitaki afiche chochote. Baba yake ni wa malka, mimi ni wa shamba, na maji ni hayo hayo. Nimwite nani mwingine?"

Sina uhakika kwamba jina hili litaenea. Katika umri wangu wote nimewajua mabinti wawili tu walioitwa hivyo, na mmoja wao alizaliwa Nairobi na wazazi ambao hawajawahi kuvuka daraja la Garsen. Huenda likabaki adimu, na pengine ni afadhali, kwa sababu majina yanayoenea haraka huchakaa haraka. Lakini nimeliona likiulizwa maana kwa lugha tatu ukumbini, na kila lugha ikawa na jibu, jambo ambalo sijaliona kwa majina ya runinga.

Akika ilifanywa siku ya saba. Shemeji yangu alikubali kwa sharti moja, kwamba jina lake yeye liandikwe la pili, na kwa kuwa sheria inatoa miezi sita kabla ya uandikishaji kuhesabiwa kuwa umechelewa, bado wanabishana iwapo liandikwe kwa tahajia ya Kipokomo au ya Kiswahili. Yule mzee wa Kiorma yeye hakuweka sharti. Nilipokuwa nikiaga alikuwa amempakata mjukuu wake chini ya mwembe, akimwita Galana.