PUMZI NA UTULIVU

Hapa Kyimo asubuhi za mwezi Julai huwa na baridi kali, hata mtu akifungua kinywa huiona pumzi yake ikitoka kama moshi. Wengine huichezea. Mimi huitumia kujifunza jambo ambalo napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu, hasa wenzangu wa Kidato cha Nne, kwani mtihani wa taifa wa Novemba unatukaribia.

Jambo lenyewe huitwa pranayama, na ni sehemu ya yoga. Neno hili ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi. Prana maana yake ni pumzi ya uhai. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani. Baba aliniuliza kama hiyo si ibada ya Wahindu. Nilimjibu kuwa kweli ilizaliwa kwao, lakini mimi sisomi dua yoyote, nahesabu tu.

Keti wima, ulegeze mabega, uweke mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi puani polepole huku ukihesabu hadi nne; yafaa tumbo liinuke, siyo mabega. Kisha itoe ukihesabu hadi sita. Kila hesabu ikiwa sekunde moja, utapumua mara 6 kwa dakika, na mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Asubuhi ya baridi mimi huitoa kinywani na kuutazama ule moshi. Ukitoka kwa mkupuo, najua nina haraka. Ukiwa mwembamba na mrefu, nimetulia.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini kutoa kuzidi kuvuta? Mwalimu wetu wa Baiolojia alitwambia tushike mshipa wa mkono, nasi tukasikia wenyewe: ukivuta pumzi moyo huharakisha kidogo, ukiitoa hupunguza mwendo. Kazi hiyo ni ya neva ya vagasi, itokayo ubongoni hadi moyoni na tumboni. Basi anayerefusha kutoa huupa moyo nafasi ya kutulia. Nadhani wazee wetu walilijua hili, maana kupumzika kumetoka katika pumzi.

Dakika tano zatosha. Ukisikia kizunguzungu, acha, upumue kama kawaida. Mwenye pumu asijilazimishe, wala asiache dawa zake.

Mwenzangu mmoja wa bwenini anaiweza Hisabati kunishinda, lakini katika mtihani wa majaribio alitetemeka hata kalamu ikamponyoka, akatoa karatasi nusu yake ikiwa tupu. Pumzi haitamfundisha Jometri, hiyo anaijua. Nataka aweze kulisoma swali la kwanza mpaka mwisho. Tulipoanza, alikuwa akifika hesabu ya tatu anatweta. Sasa hufika sita, na masomo ya usiku yakiisha ndiye anayekuja kunigongea kitanda.