Vali ya EGR Inaposingiziwa

Fundi anachomeka mashine, kioo kinaandika P0401, na kabla injini haijapoa vali ya EGR imeshahukumiwa: ing'olewe, inunuliwe nyingine, au iwekewe kibati izibwe moja kwa moja. Msimbo huo unasema tu kwamba moshi unaorudi kwenye injini ni mchache kuliko kompyuta ilivyotarajia. Nani kauzuia, haujui.

EGR huchukua sehemu ya moshi unaotoka, mara nyingi huupitisha kwenye kipoza chenye maji ya rejeta, kisha huurudisha kwenye njia ya hewa safi. Moshi huo una oksijeni kidogo, hivyo joto la mwako linashuka, na gesi za oksidi za naitrojeni, ambazo huzaliwa kwenye joto kali, zinapungua. Injini ikiwa baridi, au ikiwa inakanyagwa mpaka mwisho mlimani, vali hufungwa. Kazi yake kubwa ni kwenye mwendo mwepesi. Gari linaloshinda kwenye foleni za Dar es Salaam kwa hiyo hula masizi yake lenyewe zaidi kuliko lile linalopanda mlima Kitonga na mzigo. Masizi hayo yakikutana na mvuke wa oili unaotoka kwenye mpira wa kupumulia injini, yanakuwa uji mweusi kama lami, na manifoldi inaanza kusinyaa kwa ndani.

Vali ikikwama wazi, gari huondoka kwa uzito, moshi mweusi unatoka, na mngurumo hautulii. Lakini filta ya hewa iliyoziba huleta moshi huohuo. Mpira wa turbo uliopasuka pia, na nozeli zinazovuja pia. Ikikwama imefungwa, dereva anaweza asihisi lolote zaidi ya kuona taa ya injini. Kwa macho na masikio peke yake, basi, hatufiki mbali.

Mimi huanza na sensa ya hewa. Kompyuta nyingi za dizeli haziupimi moshi wenyewe. Hupima hewa safi inayoingia, na pengo lililobaki huhesabiwa kuwa limejazwa na moshi. Hesabu yake unaweza kuifanya hata kwenye kipande cha karatasi. Injini ya lita 3 yenye mipigo minne huvuta lita moja na nusu kila mzunguko. Ikizunguka mara 800 kwa dakika, ni lita 20 kwa sekunde. Lita moja ya hewa pwani ina uzito wa karibu gramu 1.2, kwa hiyo gramu 24. Na kwa kuwa silinda hazijai kabisa, ukisoma 18 hadi 22 vali ikiwa imefungwa, mambo ni mazuri. Ukiwa Mbeya au Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, punguza karibu sehemu moja ya sita. Nimeona sensa nzima zikitupwa kwa sababu fundi alilinganisha namba za milimani na za pwani.

Sasa iamuru vali ifunguke kwa mashine, injini ikiwa ya moto. Hewa safi lazima ishuke sana, na mlio wa injini ubadilike. Isiposhuka, ama vali haifunguki, ama njia imeziba. Vali ya umeme itaonyesha kwenye kioo kama imesogea kweli. Ikiwa imesogea na hewa haijashuka, fungua mabomba na kipoza utafute masizi. Kama hewa iko chini tangu mwanzo, vali ikiwa imeamriwa kufungwa, weka kibati kwa muda. Namba ikipanda, vali ilikuwa haibani. Ikibaki palepale, angalia filta, manifoldi, na uchafu kwenye sensa yenyewe. Hiyo ndiyo kazi pekee ya kibati ninayoikubali. Kikiachwa humo, msimbo utaendelea kurudi, na kipimo chote nilichoeleza kinakuwa hakina maana.

Vali za zamani huvutwa na vakyumu kutoka kwenye pampu ileile inayohudumia busta ya breki. Hapa pampu ndogo ya mkono inatosha: vuta, tazama kijiti kikipanda, kisha subiri uone kama kinashuka chenyewe. Kikishuka, kiwambo kimetoboka. Kikikaa juu, lawama zihamie kwenye mipira na vali ndogo ya umeme inayoigawa vakyumu.

Kipoza nacho kina ujanja wake. Maji ya rejeta yanapungua, chini hakuna tone, asubuhi kuna moshi mweupe wenye harufu tamu. Wengi hapo hufungua silinda hedi kutafuta gaskiti. Toa kipoza kwanza, ziba njia ya maji upande mmoja, tia upepo upande wa pili, kizamishe kwenye beseni. Mapovu hayadanganyi, na kazi hii haimalizi hata nusu siku.

Nililetewa pikapu ya lita 2.5 yenye P0401 sugu. Hewa ilisoma gramu 17 vali ikiwa imefungwa, na 17 ikiwa imeamriwa kufunguka. Pampu ya mkono ikainua kijiti bila shida, namba ikaanguka hadi 10. Nikaufuata mpira wa vakyumu hadi nyuma ya betri: ulikuwa umechanika pale unapojikunja, ufa mfupi kuliko ukucha. Mpira mpya ulikuwa wa urefu wa kiganja. Mwenye gari alikuwa amekwisha kununua vali mbili, na zote mbili, nzima kabisa, zilikuwa zimefungwa kwenye mfuko wa rambo chini ya kiti cha abiria.